Tene na Tene: Mbiti wa Mulango, Nagarjuna wa Simu Yangu

Kitabu cha John Mbiti nilikinunua Nairobi kando ya barabara, shilingi mia na hamsini, kikiwa kimenyofoka jalada, katikati ya vitabu vya marudio ya KCSE na riwaya za mapenzi. Nagarjuna nilimpata bure, PDF, kwenye simu ambayo kioo chake kimepasuka kutoka kona hadi kona, kwa hivyo kila ubeti wa huyo mtawa wa India una ufa katikati. Wote wawili nimewasomea Matinyani, nyumbani kwa susu, msimu uleule ambao wenzangu wa darasa walikuwa wanatupia picha za mahafali mitandaoni.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo. Sina haja ya kuirefusha hiyo stori, ila baadaye nitamtaja ng'ombe, kwa sababu ng'ombe yumo ndani ya hoja.

Nataka kuzungumzia sura mbili tu. Ya kwanza ni sura ya tatu ya African Religions and Philosophy, kitabu cha Mbiti cha 1969, ile inayohusu wakati. Ya pili ni sura ya 19 ya Mulamadhyamakakarika ya Nagarjuna, aliyeishi India ya kusini karibu na karne ya pili. Hiyo nayo inahusu wakati, na ina beti sita pekee. Sura ya Mbiti imesomwa na karibu kila mwanafunzi wa dini na falsafa aliyepitia chuo cha Afrika Mashariki. Sura ya Nagarjuna sijawahi kusikia ikitajwa kwenye ukumbi wowote wa mihadhara nilioketi, hata kwa bahati mbaya. Nadhani tungemsoma Mbiti vizuri zaidi, na kumkosoa kwa haki zaidi, kama hizi mbili zingewekwa mezani pamoja.

Mbiti ni mtoto wa huku. Alizaliwa Mulango mwaka wa 1931, upande wa pili wa mji wa Kitui ukitokea kwetu. Akapita Alliance, akapita Makerere, akapata udaktari Cambridge mwaka wa 1963, akarudi kufundisha Makerere miaka kumi, kisha akahamia Uswisi na kufia huko 2019. Huku kwetu wazee wa kanisa wanamtaja kama mtu aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kikamba kutoka Kigiriki, peke yake, likatoka 2014. Wasomi wanamtaja kama mtu aliyesema Mwafrika hana wakati ujao.

Sasa, hakusema hivyo kienyeji. Alisema wakati, kwa Mwafrika, ni mkusanyiko wa matukio: yaliyotokea, yanayotokea, na yale yaliyo karibu sana kutokea. Kitu ambacho hakijatokea, na ambacho hakimo katika mzunguko wa hakika kama wa majira, hakina wakati. Kwa hivyo tuna zamani ndefu sana, tuna sasa, na mbele yetu kuna kipande kifupi cha miezi sita hivi, miaka miwili ukijikaza. Ushahidi wake ni jedwali la nyakati tisa za kitenzi "kuja" katika Kikamba na Kigikuyu. Kati ya hizo tisa, tatu ndizo zinaangalia mbele, na zote, anasema, zinaishia karibu.

Nakumbuka mara ya kwanza kuliona lile jedwali. Ulikuwa mwaka wa kwanza, chumba cha watu mia mbili, mhadhiri analisoma kwa matamshi ya kigeni. Nilihisi vitu viwili kwa pamoja. Fahari, kwa sababu lugha ya susu ilikuwa imeingia chuo kikuu, tena kama ushahidi. Halafu mashaka, kwa sababu nilijua asubuhi ile susu alikuwa amenipigia kuniuliza nitamaliza lini, na jibu lilikuwa miaka minne, na tulielewana vizuri kabisa kwa Kikamba hichohicho.

Wakosoaji wake walishaliona tobo hili zamani. Kwame Gyekye, mwaka wa 1987, alijibu kwa Kiakan cha Ghana: kwetu maneno ya wakati ujao wa mbali yapo, kwa hivyo usiseme "Afrika". D. A. Masolo naye alimrudia katika kitabu chake cha 1994. Mimi nitaongeza ya mtaani. Nenda kanisa lolote la Matinyani Jumapili, ngojea mwisho wa sala, utasikia "tene na tene, amina". Tene ndilo neno lilelile ambalo Mbiti, kwenye tasnifu yake kabla hajahamia maneno ya Kiswahili, alilitumia kutaja zamani. Sasa ikiwa tene ni nyuma tu, hawa akina mama waliovaa vitambaa vyeupe wanamtakia Mungu utukufu wa kurudi nyuma? La. Wanalirudia neno mara mbili, linageuka na kutazama mbele, wala hakuna anayeshtuka.

Halafu kuna Syokimau. Wakamba wana nabii mwanamke anayesimuliwa kwamba aliona nyoka mrefu atakayetoka baharini akipita nchi kavu, kabla ya reli. Iwe aliona au simulizi lilitungwa reli ikishafika, hoja yangu haibadiliki: watu wasio na wakati ujao wa mbali wangemweka wapi nabii wa aina hiyo? Halafu kuna misafara ya akina Kivoi, mfanyabiashara wa Kitui aliyemkaribisha Krapf mwaka wa 1849. Huwezi kubeba pembe hadi Mombasa na kurudi kwa mipango ya kesho na kesho kutwa. Halafu tazama mashamba yetu tu. Ile mitaro ya fanya juu haichimbwi kwa ajili ya mvua ya mwezi huu pekee. Unachimba, unatupa udongo upande wa juu, na tuta linakuja kulalia vizuri misimu mingi baadaye. Mabwawa ya mchanga kwenye mito yetu ya msimu ni vivyo hivyo. Unajenga ukuta mtoni kiangazi, kisha unangoja misimu ya mvua ilete mchanga, mchanga ujae, maji yajifiche ndani yake. Waliojenga wengine hawakuyanywa.

Kwa hivyo Mbiti alikosea. Hapo naweza kufunga simu nikalale.

Lakini sijaridhika, na hapa ndipo Nagarjuna alipoingia. Nusu ya kwanza ya dai la Mbiti, ile ambayo wakosoaji waliiruka wakikimbilia nusu ya pili, inasema wakati si chombo kitupu ambamo mambo yanatokea. Wakati ni mambo yenyewe. Toa tukio, wakati umeondoka nalo. Hilo si dai la kijinga hata kidogo, na India watu walilipigania kwa karne nyingi.

Nagarjuna anakwenda hivi, nikimfupisha kwa maneno yangu. Unasema kuna sasa na kuna baadaye. Utazijuaje bila yaliyopita? Baadaye ni baadaye ya kitu fulani. Basi zinategemea yaliyopita. Lakini kitu kikitegemea kingine lazima vikutane mahali. Je, sasa na baadaye zilikuwamo ndani ya yaliyopita? Zingekuwamo, zingekuwa zimepita. Hazikuwamo? Basi zinategemeaje kitu ambacho hazijawahi kukutana nacho? Na usiponitegemezea popote, hujanionyesha sasa wala baadaye. Anaigeuza hoja hiyo upande wa pili na wa tatu kama mtu anayechoma mahindi. Mwisho anasema: wakati usiosimama haushikiki, na wakati unaosimama haupo, kama wakati unategemea vitu, bila vitu uko wapi? Na vitu vyenyewe, kwa kuwa kila kimoja kinasimama kwa kuegemea vingine, hakuna hata kimoja chenye kiini chake binafsi.

Soma hapo kwenye "kama wakati unategemea vitu" kisha urudi kwa Mbiti. Wanaanzia mlango mmoja. Mbiti anaingia, anaona zamani imejaa na kesho haina kitu, anakaa. Nagarjuna anaingia, anauliza: na hiyo zamani yako imejaa kwa kutegemea nini?

Hilo ndilo swali ambalo Mbiti hakuulizwa ipasavyo. Wakosoaji walipigania kesho, wakamwachia zamani yote bila kuikagua. Katika kitabu chake zamani ni kama ghala. Mtu akifa anakaa kwanza katika sasa, maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, vizazi vinne au vitano. Wa mwisho anayemkumbuka akifa, naye anazama. Ni picha nzuri. Mimi nimepewa jina la umau, na susu akiwa na furaha huniita mume wangu, kwa hivyo picha hiyo naijua kwa masikio. Lakini mwulize Mbiti kinachomfanya umau awepo, jibu ni kumbukumbu tu.

Wabuddha wa kale walikuwa na zaidi ya hilo, na hapa lazima niwapeleke taratibu kidogo. Vasubandhu, katika Abhidharmakosha, iliyoandikwa karne ya nne au ya tano, anapanga ugomvi mkubwa kuhusu wakati. Kuna shule ya Sarvastivada, na jina lenyewe maana yake ni wanaosema vyote vipo: vilivyopita, vilivyopo na vijavyo, vyote vina uhalisi wake. Kuna Sautrantika wanaosema cha sasa pekee ndicho kipo. Na katikati, anapita haraka sana, karibu umkose, anawataja wanaogawanya. Hawa wanasema: kilichopo sasa kipo. Kilichopita kipo pia, ila kile tu ambacho hakijazaa matunda yake. Kilichopita kikishazaa, hakipo tena. Na kijacho hakipo.

Nilikuwa kitandani niliposoma hapo, saa saba usiku, bando inakaribia kuisha. Niliketi. Zamani ipo, sasa ipo, kesho haipo: ni ramani ya Mbiti, mtu wa Mulango, imechorwa India zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Ila wao wameweka sharti ambalo yeye hana.

Haya, ng'ombe. Nilipoitwa chuo, susu aliuza ng'ombe wa maziwa kulipa karo ya mwaka wa kwanza. Kwa ramani ya Mbiti, ng'ombe huyo yupo kwa sababu susu anamkumbuka, na kweli anamkumbuka, anajua hata jioni gani alikuwa akitoa maziwa mengi. Kwa ramani ya wale wagawanyaji, ng'ombe yupo kwa sababu hajazaa matunda. Alitolewa kwa ajili ya kitu, kitu hakijafika. Hata susu akisahau, hata mimi nikisahau, bado amesimama pale bomani akitafuna. Naona jibu la pili ni kali zaidi, na ndilo ninaloliamini. Kumbukumbu unaweza kuituliza kwa kumpa mtoto jina. Jambo ambalo halijaisha halitulizwi hivyo.

Nagarjuna mwenyewe anaijua hesabu ya aina hii. Katika sura ya 17, inayohusu matendo na matunda yake, anawapa nafasi wapinzani wanaosema tendo ni kama deni, na kinachobaki tendo likishapita ni kama hati ya deni ambayo haijafutwa. Nilicheka kwa sauti, susu akaniuliza kuna nini. Kuna chuo mahali fulani chenye karatasi yenye jina langu na tarakimu upande wa kulia, na hakinipi matokeo ya miaka miwili niliyoisoma mpaka tarakimu ile iwe sufuri. Nagarjuna haikubali hoja ya hati. Kwake tendo, mtendaji, deni na mdaiwa wote wanaegemeana, na sura inaishia kwenye mfano wa kiumbe wa mazingaombwe anayemtengeneza kiumbe mwingine wa mazingaombwe. Lakini mtu asidhani amefuta deni. Kusema kitu hakina kiini chake hakumaanishi hakipo. Ndilo kosa la kwanza ambalo kila msomaji wake hufanya, nami nilifanya, nikatembea siku tatu nikijiona huru. Deni linafanya kazi vizuri kabisa bila kiini. Linahitaji tu afisa, daftari na mtu kama mimi.

Hapa niseme kuhusu neno. Kile ambacho Nagarjuna anakiita shunyata, Kiswahili cha haraka kingesema utupu. Jaribu uone. Mwambie mtu wa Mombasa kwamba vitu vyote vina utupu, atafikiri umevua nguo. Neno tanha, ambalo Buddha analitaja kuwa chanzo cha taabu, tunalitafsiri tamaa na kuishia na mahubiri ya vijana kanisani. Maana yake ya kwanza ni kiu tu. Tungesema kiu, na watu wa huku, ambao mwezi wa tisa wanachimba mchanga wa mto wakitafuta maji ya punda, wangeelewa mara moja kwamba hatuzungumzii tabia mbaya.

Swali la lugha linarudisha swali la wasomi. Mwaka wa 1970, mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha Mbiti, Okot p'Bitek alitoa African Religions in Western Scholarship, akiwashtaki wasomi, Waafrika wakiwemo, kwamba wamewavisha miungu wa Afrika kanzu za Wagiriki ili waonekane wa heshima mbele ya Wazungu. Shtaka hilo linamgusa Mbiti barabara. Tasnifu yake ya Cambridge ilihusu mambo ya mwisho katika Agano Jipya, yaani kurudi kwa Yesu, na jinsi mafundisho hayo yalivyopokelewa Ukambani. Swali lake lilikuwa la kimisheni tangu mwanzo: watu hawa tuwawekee mbingu wapi? Ukiingia na swali hilo, ukikosa mbele yao barabara ndefu iliyonyooka mpaka siku ya hukumu, utaandika kwamba hawana mbele. Na baadaye mtu huyohuyo akakaa chini akautafsiri Ufunuo wa Yohana, kitabu chote cha mambo yajayo, kwa lugha aliyosema haifiki mbali. Ikafika.

Ila wanaomshambulia Mbiti hufanya kama kosa hili ni la Waafrika peke yao. Someni historia ya Nagarjuna mikononi mwa Ulaya. Eugène Burnouf alitoa kitabu chake kikubwa Paris mwaka wa 1844, akisoma maandiko yaliyotoka Nepal. Rhys Davids, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Ceylon, alianzisha chama cha maandiko ya Kipali mwaka wa 1881. Walifanya kazi ya maana, siwezi kuwakana. Bila watu kama hao nisingekuwa na PDF. Lakini alipofika Stcherbatsky mwaka wa 1927, na Murti mwaka wa 1955, Nagarjuna alivaa koti la Kant. Kant alipochuja, akavaa la Wittgenstein. Andrew Tuck ameandika kitabu kizima, cha 1990, kikifuatilia haya mavazi moja baada ya jingine. Kwa hivyo Mbiti na Nagarjuna wana jambo jingine linalowaunganisha: wote wamesomwa na watu waliotaka kwanza kujua wanafanana na Mzungu gani.

Nisijitoe. Na mimi hapa nimefanya nini kama si kumvisha Mbiti joho la mtawa?

Kuna jibu nusu. Tafsiri niliyosoma zaidi ni ya Jay Garfield, ya 1995, kutoka Kitibeti. Nikaja kupata ile ya Siderits na Katsura, ya 2013, kutoka Kisanskriti, ambayo inakupa ubeti na chini yake inakuambia wafafanuzi wa kale walibishana vipi juu yake. Hii ya pili ndiyo ningempa rafiki. Unaona Candrakirti na Bhavaviveka wakikosana, unagundua kwamba "falsafa ya Ubuddha" haikuwahi kuwa kitu kimoja kilichokaa kikisubiri kulinganishwa. Odera Oruka alikuwa akitafuta hilohilo alipozunguka vijijini kuwahoji wazee: hakutaka kujua kabila linaamini nini, alitaka mzee fulani, mwenye jina, anayeweza kupingana na kabila lake. Jedwali la Mbiti halina mzee hata mmoja. Kuna vitenzi tu, na vitenzi havibishani.

Mtu atasema haya yote ni ya India, sisi yanatuhusu nini. Wasinghala kutoka Ceylon walikuwa na hekalu Dar es Salaam tangu enzi za ukoloni. Uganda kuna kituo cha Wabuddha karibu na Entebbe, kilichoanzishwa mwaka wa 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyeenda India kusoma biashara akarudi miaka mingi baadaye akiwa mtawa. Kitabu chake, Planting Dhamma Seeds, kina joto la mtu anayeanza kitu peke yake, ila ukikitafutia ugomvi wa aina ninayoizungumzia utarudi mikono mitupu. Yeye alikuwa na kazi ya kupanda. Hata hivyo shule yake, Theravada, ina kitabu kiitwacho Kathavatthu ambacho kinawakataa wanaosema vyote vipo, kisha kinawageukia wanaosema kipande cha zamani kipo, nao kinawakataa. Mtawa wa Entebbe, kwa hivyo, angeniambia kwa upole kwamba ng'ombe wangu hayupo.

Kwa muda nilifikiri nimepata silaha katika Kiswahili chenyewe. Mbiti aliazima maneno mawili, Sasa na Zamani, kuuita wakati wa Afrika yote, akaliacha kesho, akaziacha mtondo na mtondogoo palepale kwenye droo. Tena ile -ta- ya nitakuja, wanaisimu wanasema ilitokana na kutaka. Nataka kuja, nitakuja. Ebu fikiria: wakati ujao wetu umeshonwa kwa kiu, ileile tanha ya Buddha! Niliandika kurasa nne juu ya hilo, nikajipongeza, kisha nikazifuta. Ni kosa lilelile la Mulango. Hakuna msee anayesema "mvua itanyesha" akidhani mvua inataka.

Kilichobaki nilikijaribu mwezi uliopita. Nilitaka kuona kama ubeti wa kwanza wa sura ya 19 unaweza kukaa katika Kikamba. Nilidhani itakuwa kazi ya jioni moja. Nilikwama kwenye neno la kwanza gumu, yaliyopita. Kisanskriti kina neno moja pana, kimetulia. Kikamba hakikuruhusu. Kinakuuliza: yaliyopita leo asubuhi, ya jana, au yale ya mbali? Ukichagua moja, ubeti unakuwa habari ya siku fulani. Ukizitaja zote, hoja ya Nagarjuna inavunjika mguu, maana yeye anataka yaliyopita kwa ujumla ili ayavunje kwa ujumla.

Nikaenda kwa susu. Alikuwa amekaa kwenye kigogo akipeta pojo, anapuliza makapi upande wangu kwa makusudi. Nikamwomba aniambie jinsi ya kusema kitu kilichopita, kitu chochote tu, bila kusema kilipita lini. Akanitazama kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Kitu gani?"

Nikamwambia si kitu hasa, susu. Chochote. Mfano mtu aliyekuja.

"Nani alikuja?"

Hakuna, nikasema. Ni mfano.

"Kama hakuna aliyekuja," akasema, akaendelea kupeta, "nitakuambiaje alikuja lini?"

Nilisimama pale na simu mkononi. Mzee wa Mulango alikuwa amepata alama, na mwenye kumpa alikuwa susu, si mimi. Nikamwambia basi ng'ombe, tuseme ng'ombe aliyeuzwa. Akaiweka chini ile ungo. Kitenzi alichotumia si cha jana wala cha tene. Alitumia kile tunachotumia kwa jambo la leo, lililotokea asubuhi na bado mko ndani ya siku yake. Nikamuuliza kama amekosea. Akasema hajakosea, nimpishe mwanga, na kama sina kazi kuna mtaro wa fanya juu kule chini umebomoka na mvua ya mwezi wa kumi haingojei mtu.